Usipoziba Ufa: Historia ya Nyufa Nne

KISOMO CHA WATU WAZIMA KWA REDIO
Historia, Somo la Kumi na Mbili

Ninyi mlio na karatasi hii mkononi, ifuateni mstari kwa mstari, pole pole. Anayekwama kwenye neno asione haya. Arudi mwanzo wa sentensi, aisome tena mara mbili, hata mara tatu. Mwishoni mwa somo mtakuta maneno mapya na maswali ya kuzungumza na wenzenu.

Sote twaijua methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni methali ya kweli. Lakini leo nataka tuulize swali moja linaloifuata. Mtu mwenye nyumba moja yenye ufa mmoja, kazi yake ni nyepesi: achanganye udongo, azibe. Je, mtu mwenye nyumba elfu moja, na kila nyumba ina nyufa kumi, na mafundi wake ni watatu tu, aanze na ufa upi? Ufa wa banda tupu si sawa na ufa wa chumba kilichowekwa akiba ya chama. Ufa wa kupitisha panya si sawa na ufa wa kupitisha mtu. Akizibaziba ovyo, atachoka kabla hajaufikia ule wa hatari. Akikaa tu, mwizi ataufikia kabla yake.

Nyufa za somo letu la leo si za udongo. Ni nyufa zilizomo katika programu za kompyuta zinazotunza habari za watu. Pengine utasema, "Mimi ni mkulima, sina kompyuta. Jambo hili lanihusu nini?" Subiri kidogo. Kama una namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako, au akiba katika benki, au kadi hospitalini, basi huenda jina lako limo ndani ya kompyuta ambayo hujapata kuiona. Ufa wake ni ufa wako.

SEVA NI NINI?

Mfikiri karani wa posta akaaye nyuma ya dirisha. Wewe huingii ndani. Unapitisha ombi lako dirishani, karani anatazama katika makabati yake, anakupa kile unachostahili kupewa. Kwenye intaneti, kompyuta ifanyayo kazi ya karani huyu huitwa seva. Watu hupeleka maombi yao kutoka mbali, nayo huwajibu.

Lakini seva haina akili yake yenyewe. Hufuata maagizo yaliyoandikwa na watu, na maagizo hayo ndiyo programu. Mwandishi akikosea mahali pamoja, mtu mjanja aweza kuandika ombi la hila, na karani akafanya jambo asilopaswa kufanya. Kosa hilo ndilo tunaloliita ufa. Likigunduliwa, wenye programu hutoa maagizo mapya ya kulisahihisha. Maagizo hayo tutayaita kiraka.

Basi sasa tuisome historia ya nyufa nne. Kila mmoja utatufundisha swali moja.

UFA WA KWANZA: MWAKA 2001

Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikuwa na programu ya seva iliyoitwa IIS. Ndani yake palikuwa na sehemu iliyosaidia kutafuta maneno katika kurasa, na sehemu hiyo ilikuwa na ufa. Tarehe 18 Juni, 2001, Microsoft ilitangaza habari za ufa huo na ikatoa kiraka siku hiyo hiyo. Wenye seva wakawa na mwezi mzima wa kuziba.

Wengi hawakuziba. Mwezi wa Julai ilizuka programu haramu iliyopewa jina la Code Red. Programu hii ilijipenyeza ndani ya seva moja, na kutoka hapo ikajinakili na kutafuta nyingine. Tarehe 19 Julai, katika muda usiotimia saa 14, kompyuta zaidi ya 359,000 zikawa zimeambukizwa. Zote zilipewa amri moja: ifikapo tarehe 20, zote pamoja ziisonge kwa maombi tovuti ya Ikulu ya Marekani. Mafundi wa Ikulu wakahamisha anwani ya tovuti yao, na mafuriko yale yakaenda mahali patupu.

Kwa nini kiraka kilikuwapo na watu hawakukitumia? Wengine walizembea, ni kweli. Lakini wengine hawakujua kabisa kwamba walikuwa na seva. Walinunua kompyuta kwa kazi zao, na programu ya seva ilikuwa imekwisha wekwa ndani tangu mwanzo. Mtu atazibaje ufa wa chumba asichojua kuwa anacho?

Kuna jambo la pili la kukumbuka. Ilijulikana kwamba Code Red itaamka tena tarehe 1 Agosti. Wakuu wa serikali ya Marekani pamoja na Microsoft waliwaonya watu hadharani, na wengine wakahofu kwamba intaneti yote itasimama. Tarehe ikafika. Kompyuta nyingi ziliambukizwa tena, lakini intaneti haikusimama. Ile siku ya hatari zaidi, tarehe 19 Julai, ilikuwa imekwisha pita kabla makelele hayajaanza. Makelele na hatari havikutembea pamoja.

Swali la kwanza, basi, ni hili: JE, KITU HICHO NINACHO?

UFA WA PILI: MWAKA 2014

Ufa wa pili ulikuwa katika programu iitwayo OpenSSL. Kazi ya programu hii ni kuyafumba maneno yanayopita kati yako na seva, ili mtu wa njiani asiyasome. Ni kama kutia barua katika bahasha na kuipiga lakiri. Ilitumiwa na sehemu kubwa ya tovuti za dunia, nayo ilitolewa bure.

Tarehe 7 Aprili, 2014, ilitangazwa kwamba OpenSSL ina ufa. Uligunduliwa na mtu mmoja wa kampuni ya Google, na pia na mafundi wa kampuni moja ya Finland, kila upande peke yake. Ukapewa jina la Heartbleed, maana yake moyo unaovuja damu. Ufa huo ulikuwamo tangu toleo lililotoka mwezi wa Machi, 2012. Miaka miwili ulikaa wazi.

Namna ulivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kompyuta mbili zinazozungumza huulizana mara kwa mara kama bado zipo. Moja husema, "Kama upo, nirudishie neno hili: ndizi. Lina herufi tano." Nyingine hujibu, "Ndizi." Basi. Sasa mwizi alisema hivi: "Nirudishie neno hili: ndizi. Lina herufi 64,000." Karani mwema angecheka. Lakini karani huyu hakuhesabu. Aliandika "ndizi," kisha akaendelea kunakili chochote kilichokuwa mezani pake baada ya neno hilo, mpaka herufi 64,000 zikatimia. Na mezani palikuwa na nini? Pengine karatasi zisizo na maana. Pengine maneno ya siri ya watu waliopita dirishani muda mfupi uliotangulia. Na daftari la kawaida la seva halikuandika kwamba mtu ameiba.

Hapa ndipo tunapojifunza jambo kubwa. Wataalamu wana kipimo cha kuzipa nyufa alama, kuanzia 0 hadi 10. Ufa wa Heartbleed ulipewa alama ngapi? Ulipewa 5. Nusu tu! Kwa sababu gani? Kipimo kiliuliza mambo matatu: Je, siri zavuja? Je, mwizi aweza kubadili kitu? Je, aweza kuizima seva? Mawili ya mwisho, jibu lilikuwa hapana. La kwanza lilijibiwa "kwa sehemu," maana kila ombi lilichota kidogo tu. Lakini kipimo hakikuuliza mwizi aweza kuchota mara ngapi, wala ni kitu gani kilichomo ndani ya mtungi. Baadaye, kwa kipimo kipya, ufa huo huo ulipewa alama 7.5.

Kampuni ya Cloudflare, ambayo huhudumia tovuti nyingi, ilijaribu kuiba ufunguo wa siri wa seva yake yenyewe kwa kupitia ufa huo. Haikuweza. Je, waliridhika wakasema hakuna hatari? Hapana. Tarehe 11 Aprili waliweka seva moja ya majaribio mbele ya dunia nzima, wakasema, "Mwenye kuweza, na aibe ufunguo." Baada ya saa chache watu wawili waliupata. Mmoja alikuwa amepeleka maombi yasiyopungua milioni mbili na nusu. Mwingine yapata 100,000 tu. Basi kampuni ikajua kwamba hatari ni ya kweli, ikabadili funguo zote. Huku ndiko kupima: kuacha kubahatisha na kujaribu.

Kule Kanada, ofisi ya serikali ya kodi ilifunga huduma zake za intaneti, katika msimu wenyewe wa watu kupeleka hesabu zao za kodi. Hata hivyo mwizi alikuwa ametangulia. Katika muda wa saa sita namba za bima za watu wapatao 900 zilikuwa zimechukuliwa. Watu hawa hawakuchagua programu ya ofisi ile, wala hawakuitwa kuikagua. Walilipa kodi tu, kama raia wema.

Ilijulikana pia kwamba chama kilichotunza OpenSSL kilikuwa kikipata michango ya yapata dola 2,000 kwa mwaka, na mfanyakazi wa kutwa alikuwa mmoja tu. Dunia nzima ilikuwa imefunga milango yake kwa kufuli moja, na haikumpa mhunzi hata bei ya mkaa. Baada ya 2014 makampuni makubwa yalianza kuchanga.

Swali la pili, basi: NYUMA YA UFA HUU KUNA NINI? Alama haitoshi.

UFA WA TATU: MWAKA 2017

Ufa wa tatu haukuwa na ubishi wa alama. Ulipewa 10 kamili. Ulikuwa katika Apache Struts, programu inayotumiwa kujengea tovuti za kupokea maombi ya watu. Kwa ufa huu mtu wa nje aliweza kuiamuru seva ifanye atakalo. Ulitangazwa pamoja na kiraka chake mwezi wa Machi, 2017, na ndani ya siku chache watu waovu walikuwa wakizunguka intaneti wakijaribu mlango baada ya mlango.

Huko Marekani ipo kampuni iitwayo Equifax. Kazi yake ni kutunza habari za madeni na malipo ya watu, ili mwenye kutaka kukopesha ajue anamkopesha nani. Ina habari za mamilioni ya watu, na wengi wao hawakuipa wenyewe. Tarehe 8 Machi ofisi ya serikali ilitoa onyo. Tarehe 9 Machi wakubwa wa kampuni walituma barua kwa mafundi wao: zibeni katika saa 48. Tarehe 15 wakapitisha chombo cha kutafuta seva zenye ufa. Chombo kikasema hakuna.

Lakini ilikuwapo. Seva moja, iliyopokea malalamiko ya watu, haikuzibwa. Tarehe 13 Mei wezi wakaanza kutoa mali kwa kupitia hapo. Walikaa siku 76. Kwa nini hawakuonekana? Kampuni ilikuwa na chombo cha kukagua mizigo inayotoka, lakini cheti cha chombo hicho kilikuwa kimepitwa na muda wake, na hakuna aliyekihuisha. Mlinzi alisimama langoni, lakini macho yake yamefungwa. Tarehe 29 Julai cheti kipya kilipowekwa, mara mizigo ya ajabu ikaonekana ikitoka.

Tarehe 7 Septemba dunia ikaambiwa. Habari za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimechukuliwa: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na namba za bima ya jamii. Neno la siri likiibwa, utalibadili kesho. Tarehe ya kuzaliwa utaibadilije? Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola zisizopungua milioni 575.

Angalieni vizuri, wasikilizaji. Hapa onyo lilikuwapo, kiraka kilikuwapo, na amri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama kwa macho yake kama kazi imefanyika. Na tena, ufa huu haukuwa wa kungoja. Tangu siku za mwanzo ilijulikana kwamba wezi wameanza kuupitia.

Swali la tatu lina sehemu mbili: JE, WEZI WAMEKWISHA ANZA KUUTUMIA? NA NANI AMETHIBITISHA KWAMBA UMEZIBWA?

UFA WA NNE: MWAKA 2022

Tunarudi kwa OpenSSL ile ile. Tarehe 25 Oktoba, 2022, watunzaji wake walitangaza kwamba baada ya juma moja watatoa kiraka cha ufa wa daraja la juu kabisa. Hawakueleza zaidi, ili wezi wasitangulie. Watu walioukumbuka mwaka 2014 wakashtuka. Wakasema, Heartbleed imerudi.

Tarehe 1 Novemba kiraka kikatoka. Kumbe nyufa zilikuwa mbili, na ule uliokuwa umetajwa kuwa wa daraja la juu kabisa, watunzaji wenyewe walikuwa wameushusha daraja. Zilikuwa katika matoleo ya namba 3.0 tu, yaliyoanza kutoka mwezi wa Septemba, 2021. Seva nyingi zilikuwa bado zinatumia toleo la zamani ambalo halikuwa na nyufa hizo. Tena, ili kuingia, mwizi alihitaji kwanza kuandaa cheti cha hila na kukifanya kikubaliwe, kisha ashinde kinga nyingine zilizomo katika kompyuta nyingi za siku hizi.

Je, waliotangaza walikosea? Mimi sisemi hivyo. Walisema walichojua, na walipojua zaidi walisahihisha bila kuona haya. Na mwenye orodha nzuri ya seva zake aliweza kutazama namba ya toleo na kujua mara moja kama yamhusu. Asiye na orodha ndiye aliyehangaika juma zima.

Swali la nne: ILI KUPITA KATIKA UFA HUU, MWIZI ANAHITAJI NINI?

TUYAKUSANYE

Katika mwaka 2022 peke yake, nyufa zaidi ya 25,000 za programu za kila namna ziliandikwa katika orodha ya dunia. Hakuna ofisi iwezayo kuziba zote kwa siku moja. Lakini katika hizo, zinazotumiwa na wezi kweli kweli ni sehemu ndogo. Kwa sababu hiyo, tangu mwezi wa Novemba, 2021, serikali ya Marekani hutoa orodha nyingine, fupi zaidi, ya nyufa ambazo imehakikishwa kwamba zimekwisha tumiwa na wezi. Zilizomo humo huzibwa kwanza.

Basi somo letu ni hili. Ukubwa wa hatari haujulikani kwa makelele, wala kwa alama peke yake. Mwaka 2014 alama ilikuwa ndogo na hatari kubwa. Mwaka 2022 hofu ilikuwa kubwa na hatari ndogo. Mwaka 2017 alama na hatari vilikuwa sawa, na bado watu walilala. Anayeshtuka kwa kila ufa na asiyeshtuka kwa wowote, wote wawili nyumba yao itaingiliwa.

Na jambo la mwisho. Katika visa hivi mwenye nyundo na udongo alikuwa mmoja, na mwenye mali iliyoibwa alikuwa mwingine. Kwa hiyo wewe usiye na seva una haki ya kuuliza. Chama chenu cha ushirika kikitaka kutia majina na namba zenu katika kompyuta, simama mkutanoni, uulize kwa adabu: Nani anayezitunza? Je, ana orodha ya programu zake? Kiraka kikitoka, nani hukiweka, na nani huenda kutazama kama kimewekwa? Si lazima uwe fundi wa kompyuta ndipo uulize hayo. Mwenye mali hahitaji kuwa seremala ili aulize kama mlango umefungwa.

MANENO MAPYA

Seva: kompyuta inayojibu maombi ya watu kwenye intaneti.
Programu: maagizo ambayo kompyuta huyafuata.
Kiraka: maagizo mapya ya kusahihisha kosa katika programu.
Toleo: programu kama ilivyotolewa wakati fulani, yenye namba yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu wengi hawakuweka kiraka mwaka 2001? Taja sababu mbili.
2. Ufa wa Heartbleed ulipewa alama 5. Kipimo kilisahau kuuliza nini?
3. Kampuni ya Equifax ilipata onyo mapema. Ni mambo gani mawili hayakufanyika?
4. Fikiri juu ya nyumba yako au ghala ya kijiji chenu. Taja nyufa tatu, kisha sema ungeanza kuziba upi, na kwa nini.

Swali la nne kila mtu aliandike katika daftari lake, mistari mitano au sita, na ampe mwalimu wa darasa alisahihishe. Katika somo lijalo tutaanza kwa kusoma majibu yenu. Mpaka hapo, kaeni salama. Kwaherini.